Taarifa ya Kasoro Ifike kwa Mwenye Kuirekebisha

Mada iliyowasilishwa na Kitengo cha TEHAMA cha Halmashauri katika mkutano wa hadhara wa wakazi wa kata. Jarida linaichapisha kwa ukamilifu kwa faida ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Na uchukuliwe mfano wa mfanyabiashara mdogo wa nafaka ambaye leseni yake inakaribia kuisha. Hatajwi jina, kwa sababu si mtu mmoja. Kila aendaye gulioni amewahi kumwona au kusikia habari zake. Mfanyabiashara huyo anapata kumbukumbu namba ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontroo namba, na usiku anailipia kwa simu. Fedha inakatwa. Asubuhi yake anaambiwa kwamba kwenye mfumo ankara bado inasomeka haijalipwa, na leseni haiwezi kutoka.

Kwa uchungu, anaandika kwenye kundi la WhatsApp la kijiji kwamba mfumo wa Serikali ni wizi mtupu. Anaambatisha picha ya ujumbe wa malipo, yenye jina lake, namba yake ya simu na kiasi alicholipa. Wenzake wanampa pole. Wengine wanasema yaliwahi kuwakuta na wao. Mmoja anaisambaza picha ile kwenye makundi mengine matatu. Alasiri anapigiwa simu na mtu mwenye sauti ya upole, anayejua jina lake, kiasi alicholipa na hata siku aliyolipa. Mtu huyo anajitambulisha kuwa ni mtumishi wa Halmashauri, anamwomba radhi, kisha anamwomba namba ya siri ili arejeshewe fedha yake. Kufikia magharibi, mtaji wa mahindi wa msimu mzima umekwisha kwenye simu.

Ndugu wananchi, mtu huyo hakunyamaza. Alisema, tena kwa sauti kubwa. Watu wengi walimsikia, ila aliyekuwa na uwezo wa kumsaidia hakuwamo miongoni mwao, na aliyekuwa na nia ya kumdhuru alikuwamo. Siku ya tatu, mtumishi wa dawati la mapato alikuwa bado hajui kwamba kuna malipo yaliyokwama.

Mada hii inahusu njia ambayo taarifa ya kasoro inapaswa kupita, tangu kwa mwananchi aliyeiona hadi kwa fundi mwenye uwezo wa kuirekebisha, na jibu linavyopaswa kurudi kwa njia hiyohiyo.

Mfumo mmoja machoni, wenyewe wengi nyuma yake

Mwananchi anapolipa ada huona jambo moja tu: fedha imetoka mkononi mwake. Nyuma ya jambo hilo pana safari yenye vituo kadhaa. Ankara huandaliwa na mfumo wa taasisi inayodai. Kwa leseni za biashara na vyanzo kadhaa vya mapato ya Halmashauri, mfumo huo ni TAUSI, ulio chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Ankara hupelekwa kwenye mfumo wa Serikali wa kukusanya mapato kwa njia ya kielektroniki, GePG, ulioanza kutumika mwaka 2017 na ulio chini ya Wizara ya Fedha. Huko ndiko hutoka ile namba yenye tarakimu 12. Mwananchi hulipa kupitia benki au kampuni ya simu, nayo benki au kampuni huijulisha GePG, kisha GePG huijulisha taasisi iliyodai. Hapo ndipo ankara husomeka imelipwa.

Taarifa ya malipo inaweza kukwama kwenye kituo chochote kati ya hivyo. Ikikwama kwa kampuni ya simu, dawa yake iko kwa kampuni ya simu. Ikiwa imefika GePG na haikufika TAUSI, dawa yake ni nyingine. Mtumishi wa Halmashauri hana ufunguo wa kuingia ndani ya programu na kubadili chochote humo. Alichonacho ni uwezo wa kutambua safari imekatikia wapi, kisha kumpelekea mwenye kituo hicho taarifa iliyo kamili. Asipopewa taarifa, au akipewa nusu, hana cha kupeleka.

Hali ni hiyohiyo katika huduma nyingine. Mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa na dawa unaotumika katika vituo vingi vya afya vya umma, GoTHOMIS, haukutengenezwa katani. Vyeti vya kuzaliwa ni kazi ya RITA, vitambulisho vya Taifa ni vya NIDA, na maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, iliyoanza kazi mwaka 2019, pamoja na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Mlango wa ofisi ya kata ni mmoja, lakini nyuma yake kuna nyumba nyingi. Kazi ya njia rasmi ni kuhakikisha kwamba barua haiachwi kwenye nyumba isiyo yake.

Nondo wa mwaka 1947

Mafundi wa kompyuta duniani, wanapotaka kutaja kasoro ya programu, hutumia neno la Kiingereza lenye maana ya mdudu. Neno hilo ni la zamani kuliko kompyuta. Thomas Edison, mvumbuzi wa Marekani, alilitumia kueleza hitilafu za mitambo yake tangu mwaka 1878. Lakini kisa kinachokumbukwa zaidi ni cha tarehe 9 Septemba 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard. Kompyuta kubwa iliyoitwa Mark II ilikuwa na hitilafu. Wahudumu wake walipoichunguza walimkuta nondo amenasa ndani ya swichi ya umeme iitwayo rilei. Walimtoa, wakambandika kwa utepe kwenye daftari la kumbukumbu za mtambo, na pembeni wakaandika kwa utani kwamba sasa mdudu halisi amepatikana. Grace Hopper, mmoja wa waanzilishi wa taaluma ya programu, alikuwa katika kundi hilo na alipenda kukisimulia kisa hicho maisha yake yote. Ukurasa ule, pamoja na nondo wake, umehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho la Smithsonian nchini Marekani.

Wengi hukisimulia kisa hiki kwa kucheka, na kucheka si kosa. Lakini ukurasa ule unafaa kutazamwa kwa makini. Uliandikwa tarehe. Uliandikwa saa: saa 9:45 alasiri. Ukaandikwa mahali: rilei namba 70, kwenye ubao wa F. Na ushahidi ukabandikwa hapohapo. Mtu ambaye hakuwapo siku ile angeweza kuusoma ukurasa huo na kujua nini kilitokea, lini, wapi, na kilithibitishwa na nini. Taarifa yoyote ya kasoro, iwe ya kompyuta ya Harvard au ya bomba la kitongoji, hupimwa kwa mambo hayo manne.

Namna ya kuandika taarifa inayofanyiwa kazi

Taarifa nyingi zinazofikishwa ofisini husema hivi: "Mfumo haufanyi kazi." Maneno hayo ni ya kweli kwa aliyeyasema, lakini fundi hawezi kuyatumia. Hajui ni mfumo upi, uligoma hatua ipi, wala kama uligoma kwa mtu mmoja au kwa watu wote.

Taarifa hiyohiyo inaweza kusema: "Jumatatu usiku, saa 2:10, ililipwa ankara ya leseni ya biashara kwa simu. Kumbukumbu namba ya malipo ni hii. Ujumbe wa kampuni ya simu wa kuthibitisha malipo ulifika, na namba ya muamala ni hii. Hadi Jumanne saa 4 asubuhi mfumo ulionyesha kwamba ankara haijalipwa. Muuza duka jirani alilipa saa hiyohiyo kwa mtandao mwingine wa simu na malipo yake yalionekana." Sentensi hizo chache zimemwokoa fundi na kazi ya siku nzima. Sentensi ya mwisho, inayomtaja jirani, ina thamani ya pekee, kwa sababu inamwelekeza fundi kwenye kituo kimoja badala ya vinne.

Kwa hiyo mwananchi anayetaka kutoa taarifa na ajiulize: Jambo limetokea lini? Nilikuwa nafanya nini hatua kwa hatua? Nilitegemea kuona nini, na badala yake nimeona nini? Ujumbe uliotokea kwenye kioo cha simu ulisemaje, neno kwa neno? Je, limejirudia nilipojaribu tena? Ujumbe wa simu usifutwe, na risiti isitupwe, mpaka jambo limalizike. Aidha, kasoro mbili ziandikwe kama taarifa mbili. Malalamiko ya leseni yakichanganywa na ya bomba katika karatasi moja, mojawapo hupotea.

Yapo pia mambo yasiyopaswa kuandikwa kamwe. Namba ya siri ya simu au ya benki, na nywila ya kuingilia kwenye mfumo wowote, hazihitajiki na mtumishi yeyote kwa ajili ya kurekebisha kasoro yoyote. Anayeziomba ni tapeli, hata akijua jina la ukoo. Ujumbe wa kitapeli upelekwe kwenye namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano, ili namba iliyoutuma ishughulikiwe. Namba ya kitambulisho cha Taifa, namba ya simu na taarifa za matibabu zitolewe kwenye dawati la ofisi, zisiwekwe kwenye makundi ya simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda taarifa hizo dhidi ya matumizi mabaya, lakini sheria haiwezi kuirudisha picha iliyokwisha sambaa.

Ipo kasoro moja inayodai tahadhari zaidi ya nyingine zote. Mwananchi anafungua akaunti yake na, bila kutarajia, anaona taarifa za mtu mwingine. Jambo hilo lipelekwe kwa Kitengo cha TEHAMA siku hiyohiyo, kwa siri, na lisitangazwe kabla halijazibwa. Kulitangaza ni kumwonyesha mwizi dirisha lililo wazi. Kuendelea kuchungulia kwa udadisi, au kupiga picha na kuwarushia wengine, kunaweza kumfanya shahidi awe mtuhumiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Milango iliyo wazi

Mlango wa kwanza ni ofisi ya Mtendaji wa Kijiji au wa Kata. Hapo taarifa huandikwa kwenye rejista, na aliyeileta apewe namba ya kumbukumbu ya taarifa yake. Asiyejua kuandika aandikiwe, kisha asomewe kilichoandikwa. Mwananchi asiondoke bila namba hiyo, kwa maana ndiyo itakayomwezesha kurudi na kuuliza limefika wapi, hata kama mtumishi aliyempokea amehamishwa.

Mlango wa pili ni dawati la malalamiko la Halmashauri, ambalo huzipeleka kasoro za mifumo kwa Kitengo cha TEHAMA.

Mlango wa tatu ni e-Mrejesho, mfumo uliotengenezwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao ili mwananchi awasilishe malalamiko, mapendekezo, maulizo au pongezi kwa taasisi ya umma moja kwa moja, na kufuatilia yalipofikia. Mfumo huo hupatikana kwenye intaneti, na hupatikana pia kwa kupiga *152*00# hata kwa simu ya kitochi.

Zipo taarifa zenye mlango wake wa pekee. Mtumishi akidai fedha ili arekebishe kasoro, hiyo si kasoro ya mfumo, ni rushwa, na mlango wake ni TAKUKURU kwa namba 113, isiyotozwa malipo. Kwa zahanati, ipo kamati ya usimamizi wa kituo, yenye wajumbe wanaotoka miongoni mwa wananchi. Kamati hiyo isidharauliwe. Mfumo ukionyesha kwamba dawa ya mseto ipo ilhali rafu ni tupu, oda inayofuata ya kwenda Bohari ya Dawa itatokana na hesabu isiyo ya kweli, na mtoto mwenye homa ya malaria ndiye atakayelipa gharama ya kosa hilo. Mama aliyeambiwa dawa imekwisha, akaenda kuieleza kamati, amefanya kazi ambayo hakuna kompyuta ingeweza kuifanya.

Makundi ya WhatsApp hayakatazwi. Yanafaa kwa kuulizana iwapo tatizo limewapata wengine, na kwa kuelekezana njia. Lakini yasihesabiwe kuwa ofisi. Kundi halina rejista, halina mtu anayewajibika kujibu, na ujumbe wa leo hufunikwa na salamu za kesho.

Deni la upande wa pili

Itakuwa si haki mwananchi ahimizwe kusema, kisha anayesikiliza asiambiwe wajibu wake. Wapo wakazi waliowahi kuandika na hawakujibiwa. Wapo waliopanda bodaboda mara tatu kufuata jibu moja. Mtu aliyetendewa hivyo, akiamua kulia kwenye kundi la simu, ana sababu.

Nchi hii imekwisha kujifunza somo hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, shirika la Daraja liliendesha mradi ulioitwa Maji Matone. Wananchi wa vijijini waliombwa kutuma ujumbe mfupi wa simu kila kituo cha maji kilipoharibika, ili ujumbe huo ufikishwe kwa wahandisi wa maji wa wilaya. Lengo la awali lilikuwa ujumbe 3,000. Uliofika na kupelekwa ni 53. Shirika halikuficha matokeo hayo. Lilichapisha maelezo yake hadharani ili wengine wajifunze. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba wachotaji maji wengi ni wanawake na watoto, ambao mara nyingi si wao wenye simu. Kwamba mtandao wa simu haukufika kwenye vituo vingi. Na kwamba watu hawakuamini kuwa ujumbe wao ungeleta badiliko lolote.

Sababu mbili za kwanza zimepungua kadiri simu zilivyoenea. Ya tatu haiondolewi na mnara wa simu. Huondolewa na jibu. Nchini Uingereza, tovuti iitwayo FixMyStreet imekuwa ikipokea tangu mwaka 2007 taarifa za mashimo ya barabarani, taa zilizozimika na takataka zilizotupwa ovyo, na kuzipeleka kwa halmashauri inayohusika. Kila taarifa huonekana hadharani, na aliyeitoa huulizwa baadaye kama tatizo lake limekwisha. Jirani akifika mahali palepale huona kwamba limekwisha kuripotiwa. Hapa hakuna haja ya kusubiri tovuti kama hiyo. Sheria ya Serikali za Mitaa inataka Mkutano Mkuu wa Kijiji ufanyike angalau kila baada ya miezi mitatu. Rejista ya kasoro ikisomwa mbele ya mkutano huo, bila kutaja siri za watu, wananchi watajua yapi yamepokelewa, yapi yamekwisha, na yapi yamekwama na kwa nani.

Kwa hiyo mtumishi anayepokea taarifa anadaiwa mambo matatu. Ampe mwananchi namba ya kumbukumbu. Amweleze kwa lugha nyepesi taarifa inakwenda wapi, hasa inapovuka mipaka ya Halmashauri. Na amjibu hata pale jibu linapokuwa kwamba kazi haijamalizika. Jibu la "bado" lenye sababu humtuliza mtu kuliko ukimya. Asipojibiwa, mwananchi apande ngazi akiwa na namba yake mkononi: kutoka kijijini hadi katani, kutoka katani hadi kwa Mkurugenzi Mtendaji, na amkumbushe pia diwani wake. Kupanda ngazi si utovu wa adabu. Katiba ya nchi, katika Ibara ya 146, inaeleza kwamba Serikali za Mitaa zipo kwa ajili ya kupeleka madaraka kwa wananchi, na anayeulizia taarifa yake anayatumia madaraka hayo.

Mheshimiwa Diwani na ndugu wananchi,

Mazungumzo haya yalianza na mfanyabiashara wa nafaka. Mtaji wake uliochukuliwa na tapeli ni vigumu kurudi. Lakini malipo yake ya leseni hayakuwa yamepotea. Yalikuwa yamekwama njiani, yakisubiri mtu mwenye namba ya muamala ya kuyafuatilia. Namba hiyo alikuwa nayo kwenye simu yake tangu usiku ule wa kwanza. Angeipeleka asubuhi kwenye ofisi ya kata, tapeli asingepata picha ya kumsaidia kudanganya, na mahindi ya msimu yangenunuliwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mifumo ya leo mara nyingi hauonekani kutoka ofisini. Wa kwanza kuuona ni yule anayeegemea ukuta kila siku: mama kliniki, mkulima mnadani, kijana anayeomba leseni yake ya kwanza. Akiuona, aandike lini, wapi, na ameona nini, aupeleke mlangoni panapohusika, achukue namba, na arudi kuuliza.